Nyumba Smati Rongo: Panga Tokeni Kabla ya Kamera

Umeweka kamera ya waifai getini na taa unazowasha kwa simu hata ukiwa Nairobi. Poa. Lakini tokeni zikiisha usiku wa manane, ruta inazima na kamera inanyamaza. Jipange hivi:

1. Nunua mapema. Tumia Paybill 888880. Akaunti ni namba ya mita yako. Soma kila tarakimu kabla ya kuweka PIN, usije ukalipia mita ya mwenyewe.

2. Awe na mtu nyumbani. Ukilipa ukiwa mbali, tarakimu 20 za tokeni zinakuja kwa simu yako. Kwa mita nyingi, lazima mtu azibonyeze. Mwonyeshe mama, kijana au jirani unayemwamini, kisha umtumie ile SMS. Kama kibodi ya mita inatumia betri, hakikisha ziko sawa. Stima ikikatika ndipo utazihitaji.

3. Weka akiba. Betri ndogo ya ruta itakuvusha stima ikipotea kidogo. Kamera yenye kadi ya memori na umeme wake huendelea kurekodi hata bando likiisha.

4. Funga milango ya simu pia. Fundi akimaliza kazi, badilisha paswadi ya kamera na ya waifai. Malipo yake mtumie wewe mwenyewe. Simu usimwachie, na PIN usimtajie.

Leo jioni angalia salio la mita. Likiwa chini, nunua kabla hujasafiri.