Ada Inalipwa Arusha, Launji Iko Doha

Kadi ya benki ya daraja la juu haiuzwi kwa kutaja gharama zake. Inauzwa kwa marupurupu: kuingia bure kwenye launji za viwanja vya ndege, bima ya safari, pointi zinazogeuka tiketi, na mtu wa kukupangia safari kwa simu hata usiku wa manane. Mteja akijumlisha thamani iliyoandikwa kando ya kila huduma, ada ya mwaka huonekana kama zawadi anayopewa na benki. Tatizo ni kwamba thamani hiyo imepangwa na muuzaji. Kipimo cha haki ni kujiuliza ungetoa kiasi gani mfukoni mwako kwa huduma hiyo hiyo kama kadi isingekuwepo. Ukipima hivyo ukiwa Arusha, kadi nyingi za kifahari hazirudishi ada yake, na sababu kubwa ni kwamba zilibuniwa kwa ajili ya wasafiri wa viwanja vingine na maduka ya nchi nyingine.

Tazama zilikotoka. Diners Club ilipoanza New York mwaka 1950, kadi ilikuwa ya kulipia chakula mgahawani bila kubeba fedha taslimu. Kadi ya Platinum ya American Express ilianza mwaka 1984 kwa ada ya dola 250. Tangu 2025 ada hiyo ni dola 895. Sapphire Reserve ya benki ya Chase ilianza mwaka 2016 kwa dola 450, na sasa ni 795. Kila ada ilipopanda, yaliongezwa marupurupu mapya ya kuihalalisha, na mengi yake ni vocha tu: salio la Uber la kila mwezi, punguzo kwenye maduka fulani, malipo ya filamu za mtandaoni. Mtanzania anayeishi Marekani akirudi Usa River au Tengeru kula Krismasi na ndugu zake, salio hilo la Uber linabaki huko huko, kwa kuwa ni la safari za Marekani. Tena American Express haipokelewi Arusha kwa wingi kama Visa na Mastercard, kwa hiyo huenda likizo nzima akalipa kwa kadi nyingine kabisa, ile isiyo na ada.

Turudi kwa mkazi wa hapa. Arusha inahudumiwa na viwanja viwili. Kisongo ni uwanja wa ndege ndogo ziendazo Serengeti na Zanzibar. Kwenye zile za mbugani begi linatakiwa liwe laini na mzigo usizidi kilo 15, na mizani haiulizi una kadi ya rangi gani. Wa pili ni Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), uliofunguliwa mwaka 1971, ulioko wilayani Hai, mwendo wa kama kilomita 50 kutoka mjini. Huko ndiko zinakotua KLM, Qatar Airways na Ethiopian, na msafiri wa mbali karibu kila mara hubadilisha ndege Amsterdam, Doha au Addis Ababa. Kwa hiyo saa ndefu za kusubiri, ambazo ndizo zinazoipa launji maana, ziko huko. Bei ya huduma hiyo inajulikana: Priority Pass, mtandao mkubwa wa launji, imekuwa ikiuza uanachama wa kawaida kwa dola 99 kwa mwaka, na kila ukiingia unalipa dola 35. Mwenye kampuni ya utalii anayekwenda maonyesho ya ITB Berlin mwezi Machi na WTM London mwezi Novemba, akiingia launji mara nne, atatumia dola 239. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa anachoweza kusema kadi imemwokolea, na kwa kweli ni kidogo kuliko hapo, kwa sababu bila kadi angenunua chai na mkate na kuketi getini kama wengine. Na akisafiri daraja la biashara, launji tayari imo ndani ya tiketi. Hivyo tajiri ambaye benki inamtafuta zaidi ndiye anayeuziwa kitu kimoja mara mbili.

Kwenye bima watetezi wa kadi hizi wana hoja nzito. Viza ya Schengen inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na kadi nyingi za daraja la juu hutoa cheti cha namna hiyo bila malipo ya ziada. Kwa anayekwenda Ulaya mara mbili kwa mwaka hiyo ni fedha halisi. Ila masharti yasomwe. Bima nyingi za kadi hufanya kazi pale tu tiketi inapolipiwa kwa kadi yenyewe, na Arusha watu wengi hukata tiketi kwa wakala: unampigia simu, anakutumia nafasi uliyoshikiwa, unamlipa kwa benki au M-Pesa. Siku mguu ukivunjika, bima itauliza muamala wa kadi, na muamala haupo. Mlima nao una sharti lake. Meru ina mita 4,566, Kilimanjaro 5,895, na bima nyingi za safari huweka kikomo cha urefu au huondoa upandaji milima moja kwa moja. AMREF Flying Doctors, walioanza mwaka 1957 na ambao ndege zao huruka kutoka Wilson, Nairobi, huuza huduma ya kuokolewa kwa ndege peke yake, bila kadi yoyote. Anayepandisha wageni Meru kupitia geti la Momella anaijua huduma hiyo siku nyingi.

Pointi ndizo dhaifu kuliko vyote. Mchukue mgeni anayelipia safari ya dola 6,000. Kampuni nyingi za utalii humwongezea asilimia kadhaa akitumia kadi. Tuseme 4, yaani dola 240. Kadi yake ikimpa pointi 3 kwa kila dola, na kila pointi ikawa na thamani ya senti moja, amepata dola 180. Amepoteza 60, na ada ya mwaka bado hatujaigusa. Kampuni haimwonei. Benki humkata mfanyabiashara sehemu ya kila malipo ya kadi, na sehemu ya makato hayo huenda kwa benki iliyotoa kadi. Pointi huchotwa humo. Umoja wa Ulaya ulipoiwekea sehemu hiyo kikomo cha asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi mwaka 2015, marupurupu ya kadi nyingi huko yalipungua. Mkazi wa Arusha ana kikwazo kingine: ada ya shule, dizeli na posho za waongozaji watalii hupita benki au kwenye simu, hivyo pointi zinakosa pa kuzaliwa. Halafu kuna badiliko la fedha. Benki ikikubadilishia shilingi kwa bei iliyo juu ya soko kwa asilimia 3, matumizi ya dola 5,000 ughaibuni yamekugharimu 150, zaidi ya dola 140 za kuingia launji mara nne.

Atatokea wa kusema kwamba kadi inalinda fedha: kampuni ikifunga milango, kama ilivyotokea kwa baadhi wakati wa Uviko mwaka 2020, benki inaweza kudai malipo yarudishwe. Kweli, lakini haki hiyo ipo hata kwenye Visa au Mastercard ya kawaida. Mwingine atataja heshima ya kuweka kadi nyeusi mezani. Sina ugomvi na anayenunua heshima, mradi asiiandike kwenye hesabu kama akiba.

Anayefaidika yupo. Ni mfanyabiashara wa tanzanaiti anayekwenda Bangkok na Hong Kong mara kwa mara, daraja la kawaida, tiketi kailipia kwa kadi, na saa za kusubiri kila safari. Ofisa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kusafiri kama yeye, lakini tiketi na bima kwa kawaida vimeshalipwa na mwajiri. Kadi ya kifahari inamwongezea kiti cha launji, na kama tiketi ni ya daraja la biashara, hata hicho alikuwa nacho.