Fadhila: Wema Uliozoeleka Moyoni

Fadhila ni utayari wa kudumu wa kutenda mema. Mtu aliyeokota simu sokoni akairudisha kwa mwenyewe ametenda jambo jema, lakini tendo moja halijawa fadhila. Fadhila huonekana kwa yule ambaye cha mtu hakimsumbui tena moyo: akikiona anajua kitarudi kwa mwenyewe, wala halali akipigana na nafsi yake usiku kucha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992, inafundisha kwamba mwenye fadhila hutenda mema kwa wepesi, kwa kujitawala na kwa furaha. Hiyo furaha isipuuzwe. Anayetoa sadaka huku akinung'unika ametoa, na maskini amesaidika, ila ukarimu bado haujakomaa ndani yake.

Wakatoliki wengi wameyajua maadili kupitia Amri Kumi na orodha ya dhambi. Ndivyo wanavyofundishwa watoto wa Komunyo ya kwanza, na ndivyo watu wazima wanavyojitafiti dhamiri kabla ya kuungama. Njia hiyo ni halali na ina faida, lakini ikiachwa peke yake inaufanya uadilifu uonekane kama uzio tu: ukikaa ndani yake bila kuuvuka, umemaliza. Mtakatifu Tomaso wa Akwino (1225–1274) aliyapanga mafundisho kwa namna nyingine. Katika kitabu chake kikuu, Summa Theologiae, sehemu inayochambua maadili kwa kina ina maswali 189, na 170 ya kwanza yamegawanywa kwa fadhila saba. Amri zimo, ila zimewekwa chini ya fadhila, zikizitumikia. Baada ya Mtaguso wa Trento (1545–1563), vitabu vya seminari vilivyowaandaa mapadre kwa kazi ya kuungamisha vilihamishia uzito kwenye wajibu, sheria na makosa. Padre alijua vizuri kupima dhambi, lakini swali la mtu anakuwa mtu wa namna gani likafifia. Katika karne ya 20 wanafikra kama Josef Pieper wa Ujerumani na Padre Servais Pinckaers wa Ubelgiji walilirudisha mbele, na Papa Fransisko alilitumia kwa waamini wote katika katekesi za Jumatano alizozitoa kati ya Desemba 2023 na Mei 2024 kuhusu vilema na fadhila.

Fadhila saba zimetoka katika vyanzo viwili vilivyokutana. Nne kati yake, yaani busara, haki, nguvu na kiasi, zilijadiliwa na Wagiriki wa kale, Plato akiwa miongoni mwao, nazo zimetajwa pamoja katika Kitabu cha Hekima 8:7. Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano katika karne ya 4, aliziita fadhila kuu, kwa kuwa nyingine zote za kiutu huzitegemea. Mwanafunzi wake Augustino, mwana wa Afrika ya Kaskazini, alikwenda mbali zaidi: kwake hizo nne ni sura nne za upendo mmoja kwa Mungu. Tatu zilizobaki, imani, matumaini na mapendo, huitwa fadhila za Kimungu, nazo zinatoka kwa Mtume Paulo, ambaye katika sura ya 13 ya barua ya kwanza kwa Wakorintho anasema iliyo kubwa ni upendo.

Makundi hayo mawili hayapatikani kwa njia moja. Fadhila za kiutu hujengwa kwa kurudia. Mpiga kinanda wa kwaya huanza kwa kuhesabu vidole, akikosea na kuanza upya, hadi siku moja anapiga wimbo wa Pasaka huku macho yake yakimfuata mwalimu wa kwaya. Mikono imeshajua njia. Uvumilivu na ukweli hukomaa hivyo hivyo, tendo kwa tendo, tena hasa pale tendo linapokuwa gumu. Fadhila za Kimungu hazipatikani kwa juhudi. Mungu mwenyewe huzimimina rohoni pamoja na neema ya utakaso katika Ubatizo, na kazi ya mwamini ni kuzipokea, kuzitumia na kutozizuia. Hata hivyo neema haifuti mazoezi. Aliyebatizwa akiwa na hasira za haraka hatoki kanisani ameshakuwa mpole. Ametoka na nguvu ya kuuanza upole na kuufikisha mbali kuliko ambavyo angeweza peke yake.

Busara huongoza zote, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Watu humwita mwenye busara yule anayekaa kimya asije akajiingiza matatani, au yule mjanja asiyepoteza chochote. Tomaso anaona kazi zake tatu: kutafuta shauri, kutoa hukumu, kisha kuiamuru nafsi itende. Mathalani mama ntilie ameletewa mkopo wa siku thelathini, ule ambao mtaani huitwa kausha damu. Hela inahitajika leo, karo ya mtoto haisubiri. Busara inamfanya akumbuke yaliyompata jirani yake aliyenyang'anywa friji na masofa, apige hesabu ya marejesho ya kila siku dhidi ya mauzo halisi badala ya mauzo anayoyatamani, aulize wenzake wa kikoba, kisha aamue. Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi. Wamesikiliza, wameelewa, wamekubali kabisa kwamba jambo halifai, na bado mkono unatia sahihi. Kwa Tomaso, kuishia kwenye kuelewa bila kutenda ni kasoro ya busara yenyewe, hata kama akili ilikuwa sahihi.

Haki ndiyo yenye uwanja mpana. Katika maswali yale 170, Tomaso ameipa haki 66, zaidi ya fadhila nyingine yoyote. Haki ni nia thabiti ya kumpa kila mmoja kilicho chake, na maisha ya Afrika Mashariki yana mifano inayouma. Mkulima anayelazimishwa kuuza viazi kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu hadi likapita kipimo, anaibiwa hadharani na watu wanaoita wizi huo utaratibu wa biashara. Dada wa kazi anayeambiwa kila mwisho wa mwezi asubiri kidogo, mwajiri wake akiwa amechangia harusi mbili, anadhulumiwa na mtu anayejiona mkarimu. Barua ya Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unalia, na kilio kimefika masikioni mwa Bwana. Kusengenya nako kunaingia hapa, kwa sababu jina jema ni mali ya mtu.

Haki ina dai ambalo halipendwi: kurudisha. Aliyeiba anapoungama, dhambi yake huondolewa, lakini deni linabaki, na nia ya kulilipa ni sehemu ya toba ya kweli. Aliyemchafulia mwenzake jina anapaswa kulisafisha kadiri inavyowezekana, mbele ya watu wale wale waliosikia. Chini ya haki zimo pia ibada, ambayo ni haki ya Mungu, heshima kwa wazazi, shukrani na kusema kweli. Kwenda Misa ya Dominika si fadhila tofauti na kulipa mshahara kwa wakati. Zote zinatokana na haki, na anayeigawa haki hiyo, akampa Mungu na kumnyima mtumishi, ameivunja.

Nguvu ni uimara wa moyo mbele ya hofu na taabu. Ina pande mbili, kushambulia kizuizi na kustahimili, na mapokeo ya Kanisa yanauona ustahimilivu kuwa tendo lake kuu. Kielelezo cha karibu ni kijana wa Goma, mashariki mwa Kongo, Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka 1981. Alisoma sheria, akaajiriwa katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini, na kazi yake ilihusu bidhaa zilizoharibika. Alipewa hongo ili aruhusu chakula kilichooza kivuke mpaka na kuuzwa kwa watu. Akakataa. Shinikizo likaongezeka, naye akakataa tena. Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Kanisa lilimtangaza mwenye heri kama mfiadini tarehe 15 Juni 2025 huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Kisa hicho kinafundisha kuliko maelezo mengi, kwa sababu fadhila zinaonekana zikishikana. Haki ilimwonyesha kwamba wale watakaokula chakula hicho, asiowajua hata kwa sura, wana dai kwake. Kiasi kilimfanya aione fedha kama fedha tu. Nguvu ilimsimamisha. Tena kukataa kwake hakukuzuka siku hiyo. Kwa miaka alikuwa katika Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, akiwahudumia watoto wa mitaani wa Goma, sala na maskini vikiwa ratiba yake ya kawaida. Mtu aliyezoea kumtazama mtoto wa mtaani kama ndugu hawezi kirahisi kumtazama mlaji wa kesho kama tarakimu.

Kiasi kinatawala tamaa ya raha: chakula, kinywaji, mwili, na siku hizi simu inayochukua saa za usingizi. Hakidharau mwili, maana Mungu aliumba raha. Kinairudisha raha kwenye nafasi yake. Kanisa lina mazoezi yake rasmi: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, wenye umri wa kuanzia miaka 18 hadi kuanza mwaka wa 60 wa maisha hufunga, na kuanzia miaka 14 watu hujinyima nyama. Ni zoezi dogo, kwa makusudi, kwa kuwa anayeweza kujikatalia kilicho halali anajifunza kujikatalia kilicho haramu. Upole na unyenyekevu navyo huhesabiwa upande huu, kwa sababu hasira na majivuno pia ni tamaa zinazotaka kupita kipimo.

Fadhila za kiutu hukaa katikati. Ukarimu uko kati ya uchoyo na ufujaji. Anayeuza shamba la familia ili afanye sherehe ya kuwashangaza wageni hajawa mkarimu kuliko bahili, amepotea upande wa pili. Fadhila za Kimungu hazina kipimo cha namna hiyo. Hakuna anayempenda Mungu kupita kiasi.

Imani humfanya mtu amkubali Mungu na yote aliyoyafunua, na huhitaji kukiriwa kwa maneno na matendo. Matumaini hupambana na maadui wawili: kukata tamaa, na kujiaminisha kwamba wokovu utakuja bila toba. Papa Benedikto XVI alipoandika waraka wake kuhusu matumaini, Spe Salvi, mwaka 2007, aliweka karibu na mwanzo kabisa kisa cha Mtakatifu Yosefina Bakhita. Msichana huyo wa Darfur alitekwa utotoni, akauzwa mara kadhaa, akapigwa na kuchanjwa mwili. Huko Italia alimjua Kristo, akabatizwa mwaka 1890, akawa mtawa. Papa alimchagua kwa sababu maishani mwake matumaini hayakuwa kungoja mambo yawe mazuri. Yalikuwa kujua kwamba yupo Bwana aliye juu ya mabwana wote waliomnunua, na kwamba Bwana huyo anampenda. Mapendo, ya tatu, huzipa nyingine uhai. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kazini kwa kuogopa kufukuzwa, na uaminifu wake una faida, lakini haumpeleki kwa Mungu hadi upendo uuingie.

Kilema nacho hukua kwa kurudia. Orodha ya vilema vikuu saba, majivuno, uroho, uzinzi, hasira, ulafi, kijicho na uvivu wa roho, ilipata umbo lake kwa mchango mkubwa wa Papa Gregori Mkuu (590–604). Vinaitwa vikuu kwa kuwa huzaa vingine.

Ndiyo maana walimu wa maisha ya kiroho hushauri kuanza na jambo moja. Mtu hutafuta kilema kinachomwangusha mara nyingi, kisha huchagua tendo dogo la fadhila iliyo kinyume chake na kulifanya kila siku. Mwenye kijicho humsifu kwa kweli mwenzake aliyefanikiwa, hata kama sauti inakwama. Mwenye hasira hajibu ujumbe wa simu hadi apumzike. Jioni hujitafiti dhamiri kwa dakika chache, na swali haliishii kwenye kosa lililofanyika. Linagusa pia jema lililowezekana likaachwa. Kitubio cha mara kwa mara husaidia sana, hasa kwa muungamishi yule yule anayeona kama jambo linasogea. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zina nafasi ambayo haitumiki vya kutosha: majirani wanaosali pamoja kila wiki wanajua nani anadaiwa na nani ana mgonjwa, hivyo mapendo hapo hayana haja ya kutafutiwa kazi.

Mchakato wa kumtangaza mtakatifu asiye mfiadini kwa kawaida hutumia fadhila hizi hizi kama kipimo. Ndivyo ilivyo katika kesi za Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere wa Tanzania na Kardinali Maurice Otunga wa Kenya. Mashahidi huulizwa kuhusu fadhila moja baada ya nyingine: alisali vipi, alisamehe nani, aliishije na fedha, aliwatendeaje waliokuwa chini yake, alibebaje ugonjwa na kushindwa. Kinachotafutwa ni fadhila za kishujaa, yaani wema uliotendwa kwa wepesi na kwa furaha kwa muda mrefu, hata katika mazingira magumu. Papa akiridhika, mhusika hupewa jina la Mheshimiwa, na muujiza huchunguzwa baadaye, katika hatua nyingine kabisa.