Mshipa wa Baba Umevimba: Atembee ao Akae?

Mwezi huu tuzungumze juu ya ugonjwa unaojificha tumboni mwa wazee wetu. Tuseme baba yako amepimwa ekografi sababu ya figo, na mganga wa hospitali anasema: mshipa mkubwa wa tumbo umevimba. Anaongeza kwamba, mbele ya kufikiria kumpasua, inafaa mzee atembezwe kwenye mashine ili moyo wake upimwe. Nyumbani kelele inaanza. Mama analia. Shangazi anasema: "Mukimukimbiza, mshipa utapasuka. Munataka kumuua?" Wewe kijana wa nyumba utajibu nini?

UGONJWA GANI HUU?

Mshipa huu unatoka moyoni, unashuka mbele ya uti wa mgongo, unapeleka damu tumboni na miguuni. Tumboni upana wake ni karibu sentimeta 2. Ukifika 3, waganga wanasema umevimba. Fikiri mpira wa ndani wa baiskeli: fasi iliyochoka inajitokeza nje, na kadiri inavyojaa, ndivyo hatari ya kupasuka inavyozidi. Ugonjwa huu unapata zaidi wanaume waliopita miaka 65, wavuta tumbaku, wenye tansio ya juu, na wale ambao baba ao ndugu yao alikuwa nao.

Mara nyingi hauumi. Siku mshipa unapopasuka, mtu anaanguka, na wengi wanakufa mbele ya kufika hospitali. Hapo watu wanasema: amelogwa, amepewa sumu. Pole pole, wandugu! Albert Einstein, yule mtaalamu mkubwa, alikufa kwa ugonjwa huu huko Marekani mwaka wa 1955. Tusimshitaki jirani bure.

SABABU GANI KUTEMBEZWA?

Kupasuliwa mshipa huu ni mzigo mzito kwa moyo. Na ile tumbaku iliyoharibu mshipa wa tumbo, mara nyingi imeharibu hata mishipa ya moyo. Bwana Yesu alifundisha kwamba mwenye kutaka kujenga mnara huketi kwanza kuhesabu gharama. Jaribio hili ni hesabu ya namna hiyo. Mzee anatembea juu ya mkanda unaozunguka chini ya miguu, ao anakanyaga baiskeli isiyotoka fasi yake. Waya zinabandikwa kifuani, tansio inapimwa mara kwa mara, mwendo unaongezwa kidogo kidogo. Tansio ikipanda sana, kifua kikiuma, ao mzee mwenyewe akisema "basi", wanasimamisha.

Hatari ipo? Ipo, lakini ni ndogo. Mwaka wa 1998 waganga wa Mayo Clinic, Marekani, walitoa habari za wagonjwa 262 waliopimwa hivyo, wenye uvimbe wa sentimeta 4 ao zaidi. Mmoja tu ndiye mshipa wake ulipasuka, masaa 12 baadaye. Mwaka wa 2011 wale wa Stanford, California, walieleza juu ya watu 306 wenye uvimbe mdogo: hakuna aliyepasuka mshipa katika jaribio. Na mwaka wa 2014 walionyesha, kwa watu 140, kwamba wenye kufanya mazoezi ya kuongozwa hawakuvimba mbio kuliko wengine. Kumbe kumfungia mzee nyumbani, hata ibada akose, si kumlinda.

CHUKUDU SI JARIBIO

Lakini sikiliza vizuri. Wale watu walichunguzwa kwanza, na waganga walisimama karibu nao. Kusukuma chukudu yenye makala kwenye mlima, ao kubeba mfuko wa mawe huko Rubaya, ni jambo lingine kabisa. Mtu akiinua mzigo na kuzuia pumzi, tansio inaruka mara moja. Basi mzee atembee polepole kwenda kanisani ao kando ya ziwa, kama mganga amekubali. Mizigo mubebe ninyi vijana. Na sigara iachwe leo.

MUULIZE MGANGA

Mbele ya jaribio, mupeleke karatasi za ekografi na kuuliza: Uvimbe ni sentimeta ngapi? (Kwa kawaida kupasua kunafikiriwa kwenye 5.5 kwa mwanaume, 5 kwa mwanamke.) Tansio imetulia? Nani atasimama karibu naye? Na tukipata jibu, litabadilisha nini? Kama halibadilishi kitu, musiuze mbuzi bure.

Lakini maumivu makali yakikamata tumbo ao mgongo kwa ghafula, na jasho baridi ao kuzimia, hapo hakuna tena jaribio, hakuna kukanda tumbo, hakuna kungoja asubuhi. Ni hospitali saa ile ile. Maombi tutayafanya njiani.