FOLFIRINOX katika Tiba ya Saratani ya Kongosho Iliyosambaa

Tangu mwaka 1997 jemsitabini ndiyo iliyokuwa dawa ya msingi ya saratani ya kongosho iliyosambaa, ingawa ilirefusha mediani ya maisha kutoka miezi 4.41 ya fluorourasili hadi 5.65 tu. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2011, Conroy na wenzake nchini Ufaransa walipochapisha matokeo ya wagonjwa 342. Waliopewa FOLFIRINOX, yaani mchanganyiko wa fluorourasili, lukovorini, irinotekani na oksaliplatini, waliishi kwa mediani ya miezi 11.1, wa jemsitabini, miezi 6.8.

Mchanganyiko huo ni mkali: upungufu mkubwa wa nutrofili uliwapata 45.7%, ikilinganishwa na 21.0%. Hata hivyo, na hili husahaulika mara nyingi, kufikia mwezi wa sita ubora wa maisha ulikuwa umeshuka dhahiri kwa 31% yao, ilhali kwa waliopewa jemsitabini ulishuka kwa 66%. Ugonjwa ulidhoofisha kuliko dawa.

Lakini utafiti huo ulichagua wagonjwa wasiozidi miaka 75 na wenye nguvu za kutosha. Takwimu zake hazimwelezi mgonjwa mkongwe aliyekwisha kudhoofika. Kwake yeye, jemsitabini peke yake haijapitwa na wakati.