Mtoto Anayebaki Nyuma Kwenye Mchakamchaka

Karibu kila shule ina mtoto ambaye huanza mchakamchaka pamoja na wenzake, na kabla ya mzunguko wa pili kwisha ameshashika kiuno. Mwalimu hupuliza filimbi, wenzake humwita mvivu. Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilometa 100 kutoka mjini Mpanda, ni vigumu kuuamini uvivu huo. Mtoto wa pale huchota maji, huanika dagaa, hubeba kuni, husaidia kuvuta mtumbwi nchi kavu. Mtoto wa namna hiyo akiishiwa pumzi baada ya mita 200, sababu itafutwe kwenye damu yake kabla ya kutafutwa kwenye tabia yake.

Hesabu yake si ngumu. Gramu moja ya himoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mtoto mwenye gramu 12 katika kila desilita ya damu anaweza kubeba mililita 16 hivi. Mwenye gramu 8 hafikishi hata 11. Theluthi ya oksijeni imepotea kabla filimbi haijalia, na moyo hulazimika kupiga haraka zaidi kuifidia. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mtoto wa miaka 5 hadi 11 ana upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 11.5. Ukanda wa ziwa hauna uhaba wa vyanzo vya upungufu huo: malaria huvunja chembe nyekundu, minyoo ya safura hunyonya damu utumboni, na kichocho, ambacho vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtoto anayeoga au kuchota maji, huivujisha damu polepole. Tena Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu.

Jambo hili limewahi kupimwa uwanjani, pwani ya Kenya. Lani Stephenson na Michael Latham, ambaye alikuwa daktari mzaliwa wa Tanganyika, waliwapima wavulana wa shule ya msingi wenye safura na minyoo mingine. Kila mmoja alipanda na kushuka ngazi fupi kwa dakika chache, kisha mapigo yake ya moyo yakahesabiwa. Baadhi walipewa dozi moja ya albendazo, wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Baada ya miezi minne, kama matokeo yaliyochapishwa mwaka 1993 yanavyoonyesha, waliomeza dawa walikuwa wanamudu zoezi lile vizuri zaidi, wanakula kwa hamu zaidi, na wameongezeka uzito. Hakuna aliyewafokea wakaze mwendo. Wanafunzi wetu nao hupewa albendazo na prazikwanteli siku za kingatiba, na mwalimu wa michezo ana kila sababu ya kusimamia siku hizo kwa bidii ileile anayosimamia mashindano.

Hata walio na afya njema hawalingani. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa wakikaribia miaka 12, wavulana karibu miaka 14, na wapo wanaowahi au kuchelewa kwa mwaka mzima au zaidi. Darasa la sita lina watoto waliozaliwa mwaka mmoja lakini mifupa yao ina umri tofauti. Kuwapangia wote muda mmoja wa kumaliza mbio ni kuwapima balehe, na tuzo humwendea aliyewahi kukua. Uteuzi wa timu ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, una haki ya kutafuta wenye kasi. Kipindi cha Sanaa na Michezo ni cha darasa zima.

Mtoto naye si mtu mzima mdogo. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa na Australia waliwalinganisha wavulana wa miaka 8 hadi 12 na wanaume, wakiwemo wanariadha wa mbio ndefu. Baada ya kukanyaga baiskeli kwa nguvu, mapigo ya wavulana yalishuka upesi kuliko hata ya wanariadha wale. Kwa hiyo mbio fupi zenye mapumziko kati yake, rede, na kuruka kamba humfaa mtoto kuliko kuzunguka uwanja bila kusimama.

Basi mwalimu atarajie nini? Kwanza, kila mtoto ashiriki, pamoja na mwenye pumu, ambaye huhitaji kupasha mwili moto taratibu na dawa yake iwe karibu, na mwenye selimundu, ambaye ataruhusiwa kunywa maji na kupumzika bila kuomba, na hatalazimishwa kukimbia hadi achoke kabisa. Pili, kila mmoja alinganishwe na alivyokuwa mwezi uliopita. Kichurachura kama adhabu kiachwe kabisa, kwa sababu mtoto anayeadhibiwa kwa mazoezi hujifunza kuyachukia.

Takwimu za dunia za mwaka 2016 zilionyesha kuwa asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafikishi dakika 60 za kuushughulisha mwili kwa siku. Watoto wengi wa Karema huzimaliza kabla ya kengele ya asubuhi. Kipindi chao kiwape kisichopatikana kwenye ndoo na kuni: kurusha na kudaka, kusimama kwa mguu mmoja, kucheza kwa zamu, na kwa wasichana, saa moja ya kukimbia bila mzigo kichwani.

Karema iliwahi kuwa na mtu mmoja aliyefundisha na kutibu. Adrien Atiman, mzaliwa wa Afrika Magharibi aliyekombolewa utumwani utotoni huko Algeria na kusomea utabibu Malta, alifika kijijini 1889 na kufanya kazi ya katekista na tabibu hadi alipofariki 1956. Mwalimu wa leo hahitaji kuwa tabibu. Anahitaji saa yenye mshale wa sekunde na daftari. Mtoto huweka vidole kwenye kifundo cha mkono, huhesabu mapigo kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne: kabla ya zoezi, mara tu baada yake, na dakika mbili baadaye. Namba za mtoto fulani zikiwa hazishuki kama za wenzake wiki baada ya wiki, mzazi aitwe, mtoto apelekwe zahanati akapimwe damu, kinyesi na mkojo. Majibu yakirudi, ndipo ipangwe atakimbia umbali gani.