Giaboksi inavuja? Angalia pumzi kwanza

Ndugu wanachama, pikapu ya zamani ya ushirika ikiacha doa la mafuta chini, pale propela inaingia nyuma ya giaboksi, mara nyingi ni sili imechoka: ule mpira wa duara unaozuia mafuta. Sili bei yake ni ndogo. Giaboksi ikikauka, meno ya gia yanalika, na siku ya soko mihogo inabaki njiani.

Lakini fundi asikimbilie kubadilisha tu. Juu ya giaboksi kuna kitundu cha kupumua. Matope ya barabara zetu yakikiziba, hewa ya ndani ikipata moto inakosa pa kutokea, inasukuma mafuta yapite kwenye sili, hata ikiwa mpya! Kizibuliwe kwanza.

Propela ikishushwa (wekeni beseni chini), pitisha ukucha pale mdomo wa sili unagusa chuma. Kukiwa na mfereji, sili mpya nayo itavuja. Ipakwe mafuta mdomoni, igongwe polepole pande zote, isiingie upande. Halafu jazeni mafuta ya aina inayotakiwa na gari hilo, likiwa limesimama sawa, mpaka yafike kwenye tundu la kujazia.

Mtu asilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Garaji yenye shimo ni bora.