Lango la Kelele: Istilahi za Kutuliza Gitaa la Umeme

Mfasiri apewaye kijitabu cha maelezo ya gitaa la umeme hukutana upesi na chombo ambacho mara nyingi hufasiriwa "kiondoa kelele". Tunaona kwamba istilahi hiyo inapotosha, na katika makala haya tunakusudia kueleza sababu.

Kelele zenyewe ni za aina mbili. "Mvumo" ni sauti nzito isiyokoma, itokanayo na umeme wa majumbani, ambao hapa kwetu huenda mizunguko 50 kwa sekunde, na Marekani 60. Koili iliyo chini ya nyuzi za gitaa hunasa uga wa sumaku wa nyaya na transfoma kama inasavyo mtetemo wa nyuzi. "Mchakacho" ni sauti nyembamba itokayo ndani ya vikuza sauti, nayo huongezeka kadiri ukuzaji unavyozidishwa.

Mvumo una dawa hapo hapo unaponaswa. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson nchini Marekani, aliomba hataza ya kinasio chenye koili mbili zilizosukwa kinyume, zenye ncha za sumaku zinazopingana. Mvumo uingiao katika koili hizo hujifuta, ilhali mitetemo ya nyuzi hujumlishwa. Chombo hicho kinastahili kuitwa "kifuta mvumo". Mchakacho hakiugusi.

Chombo tunachokijadili ni kingine kabisa. Chenyewe hupima nguvu ya ishara tu: ikishuka chini ya kiwango alichokipanga mpigaji, hufunga, ikipanda, hufungua. Nyuzi zinapolia, kelele hupita pamoja nazo, ila muziki huzifunika. Basi hakiondoi kitu, bali kinafanya kazi ya bawabu. Kwa hiyo tunapendekeza "lango la kelele", na kiwango kile kiitwe "kizingiti". Neno hili magazeti yamelizoeza maana ya kikwazo, lakini kila mtu analijua mlangoni pake.

Istilahi hizi humwongoza mtumiaji. Akijua kwamba ana lango, ataelewa mara moja kwa nini kizingiti kikiwa juu mno mwisho wa noti hukatwa. Aidha, ataelewa kwa nini lango huwekwa baada ya chombo cha kukwaruza sauti, ambacho huzidisha kelele, na kabla ya chombo cha mwangwi, ili mwangwi usikatizwe.

Tunamalizia kwa tahadhari. Baadhi ya vifaa vina swichi ya kutenganisha ardhi ya ishara ili kupunguza mvumo. Mfasiri asithubutu kuandika "kata waya wa ardhi", kwani waya huo, uliomo katika plagi, ndio umlindao mpigaji asidhurike kwa umeme. Mvumo huudhi masikio tu. Tafsiri hiyo yaweza kuua.

Mapendekezo haya tunayaweka mbele ya wafasiri, walimu na mafundi. Mwenye neno lililo bora zaidi na atuletee, pamoja na maelezo ya kazi ya chombo chenyewe.